Wilson Airport Nairobi: rivyu ya abiria wa Lamu anayekaa South C

Mimi nakaa South C mwaka wa tisa sasa, na kila asubuhi jua likitoka tu nasikia ile Caravan ya kwanza, ndege ndogo ya propela moja, inapaa kutoka Wilson, sauti yake naijua hata nikiwa nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Siku nyingi nasema nitakaa niandike rivyu ya kiwanja hiki, manake kila nikitafuta mtandaoni naona za watalii tu, wamepita pale dakika arobaini wakienda Mara, wamekunywa kahawa, wamepiga picha na ndege, basi wameondoka. Sisi wengine Wilson tunaitumia kama wenzetu wanavotumia stendi ya basi. Mimi kwetu ni Lamu, mamangu yuko kule, nasafiri mara tatu nne kwa mwaka, na mara nyingi napita hapa. Naipa nyota nne kati ya tano na hiyo moja niliyoizuia nitaeleza kwa nini.

Lakini nianze na mara ya kwanza nilipoingia ndani ya geti, manake siku ile sikuwa abiria. Khalati yangu, yaani dada wa mamangu, alianguka kwenye ngazi za nyumba, wale wanaozijua nyumba za mawe za Lamu wanajua zile ngazi zilivo nyembamba na za kusimama, akavunjika nyonga. Daktari wa kule akasema huyu lazima apelekwe Nairobi apasuliwe. Sasa fikiria wakati ule barabara ya Garsen mpaka Witu haijatiwa lami, ni mashimo na vumbi, mvua ikinyesha ni tope, na usalama haukuwa mzuri magari yanasindikizwa na polisi. Mtu amevunjika nyonga utampandishaje basi mpaka Mombasa alafu mpaka Nairobi? Tukachanga, majirani wakachanga, wa Mombasa wakatuma, mjomba aliyeko Muscat akatuma, akaja kwa ndege ndogo amelazwa kwenye machela na nesi pembeni. Mimi nilikuwa Wilson nasubiri na ambulansi. Ile ndege ikaja ikasimama karibu sana na sisi, propela ikazunguka polepole mpaka ikatulia, mlango ukafunguliwa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wake una hina ya harusi ya wiki iliyopita. Nikamwambia "shikamoo khalati," akajibu marahaba na kuniuliza kama nimekula. Yuko hai mpaka leo, anatembea na bakora, alhamdulillahi.

Kwa hiyo mnielewe, mimi kiwanja hiki nakipenda na siwezi kukiandikia kama mtu aliyekuja kuhesabu viti vya kusubiria.

Haya, kufika kwenyewe. Wilson iko barabara ya Lang'ata, kutoka katikati ya mji ni kama kilomita tano hivi, asubuhi mapema au Jumapili unafika haraka sana lakini jioni ya Ijumaa jam ya Lang'ata Road itakutoa jasho, panga muda wako. Ukiwa mjini panda matatu zozote za njia ile, za Rongai 125 au 126, ile 24 ya Karen, 15 ya Lang'ata, mwambie konda unashuka Wilson. Mimi kutoka South C huchukua boda tu. Na tafadhali sana ukiita teksi usimwambie dereva "twende eapoti", sema Wilson na urudie mara mbili. Mwaka juzi nilimwambia jamaa mmoja eapoti, mimi nikashika simu naongea na mama, nikiinua kichwa tuko Mombasa Road tunaelekea JKIA, ule uwanja mkubwa wa kimataifa! Tukageuza, tukafika zimebaki dakika ishirini, nilikimbia na begi la matufaha begani.

Kingine ambacho mgeni anachanganyikiwa nacho ni kwamba Wilson hakuna lile jengo moja kubwa ambalo kila mtu anaingilia. Kila kampuni ina sehemu yake. Safarilink wana jengo lao, AirKenya wana lao, wengine nao wako upande mwingine, katikati kuna mahanga ya kuwekea ndege, ofisi, shule za urubani, maduka ya vipuri, kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani angalia kwenye tiketi ni kampuni gani na geti gani, usije ukashushwa sehemu siyo ukaanza kuburuta begi kando ya ukuta. Ukishajua pako ni rahisi kuliko kiwanja chochote nilichowahi kupita. Unaingia, begi linapimwa, unapita kwenye mashine, unakaa, ndege yako unaiona kwa macho yako pale nje, ukiitwa unatembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi. Hakuna kupanda basi la uwanjani wala kutembea korido ndefu. Mama yangu mwenyewe ambaye JKIA ilimchosha mpaka akaapa, hapa alisema "sasa hii ndio safari."

Begi sasa. Kwenye zile ndege ndogo za mbugani utaambiwa kilo 15 na begi liwe laini, lile la kukunjika, sio sanduku gumu la magurudumu. Watu wengi wanakasirika hapa, nimeona mama mmoja akifungua sanduku sakafuni anahamisha viatu kwenye mfuko wa nailoni huku amenuna. Mimi mwenyewe zamani nilidhani ni njia ya kutafuta pesa ya mzigo. Aliyenifungua macho ni jirani yangu fundi wa ndege, tukiwa tunatoka msikitini akanieleza mpaka nikaelewa, na tangu siku ile sijawahi kubishana tena kwenye mizani.

Iko hivi. Wilson iko juu, zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, kama mita 1,690. Hewa ya huku ni nyepesi, ukilinganisha na kwetu Manda, kisiwa zinaposhukia ndege za Lamu, imepungua kama asilimia 15. Sasa ndege inashikiliwa na hewa inayopita kwenye mbawa, hewa ikiwa nyepesi lazima ikimbie kasi zaidi ndio inyanyuke, na propela nayo inachota hewa kidogo, na injini nayo inavuta hewa kidogo, yani mambo matatu yote yanapungua kwa pamoja. Alafu jua la saa nane likiwaka hewa inazidi kuwa nyepesi. Na njia za kurukia za Wilson ni fupi, ziko mbili, zote ziko kama kilomita moja na nusu, wakati ile ya JKIA inapita kilomita nne. Kwa hiyo kilo zako tano za ziada sio kitu peke yake lakini mkiwa watu kumi na wawili kila mtu na kilo zake tano ushapata mtu mzima mwingine ndani ya ndege ambaye hakuhesabiwa. Ndio maana safari nyingi za huko mbugani zinapangwa asubuhi na ndio maana wakati mwingine unaulizwa hata uzito wako mwenyewe. Jibu ukweli tafadhali, sio mahali pa kuona haya.

Hata zile namba kubwa zilizochorwa mwanzo wa njia, 07 na 25, 14 na 32, nilikuwa nazipita tu. Kumbe ni dira! 07 maana yake ukiruka kwenda upande ule pua ya ndege inaelekea nyuzi 70, karibu na mashariki, ukigeuka ukija upande wa pili ni 250 ndio wanaandika 25. Mabaharia wa kwetu wangeelewa hii bila kufundishwa.

Sasa historia, na hapa mnivumilie manake ndio sehemu ninayoipenda.

Jina Wilson watu wanadhani ni mzungu fulani mwanamume, gavana au mwanajeshi. Ni mwanamke. Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa anaishi Kenya, mwaka 1929 alianzisha kampuni ya ndege akaiita Wilson Airways. Akaanza na ndege moja, Gipsy Moth, kile kidege cha mbao na kitambaa chenye viti viwili, huna hata paa juu yako upepo wote wako. Rubani wake alikuwa Tom Campbell Black, huyu ndiye baadae mwaka 1934 akishirikiana na mwenzake Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza mpaka Melbourne kule Australia, siku tatu kasoro. Fikiria mama mjane mwaka 1929, wakati barabara zenyewe za Kenya ni za kubahatisha, anaweka pesa zake kwenye biashara ya ndege. Mimi huyu mama nikimsoma namstaajabia wallahi.

Na kwetu pwani kampuni hii ina historia yake ambayo hatuisemi. Imperial Airways ya Waingereza ilipoanza kuleta barua kutoka London kupitia Misri na Sudan kuja Kisumu na Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, walihitaji mtu wa kuchukua barua na abiria kuwapeleka pembeni. Wilson Airways wakachukua kazi ile, ndege zao zikawa zinashuka Mombasa, Tanga, Zanzibar mpaka Dar es Salaam. Kabla ya hapo barua ya Zanzibar ilikuwa inategemea meli. Kiwanja chenyewe kikaitwa Nairobi West Aerodrome, na mpaka leo mtaa wa upande ule unaitwa Nairobi West. Vita vya 1939 vilipoanza serikali ikachukua ndege na marubani kwa kazi ya jeshi, na Wilson Airways haikurudi tena. Baada ya vita, 1946, ikaja East African Airways kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, hiyo ni hadithi nyingine na ilikuwa na kituo chake Eastleigh. Mwaka 1958 Embakasi ikafunguliwa, hii ndio JKIA ya leo, ndege kubwa zote zikaenda kule. Nairobi West ikabaki na ndege ndogo, na mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ikapewa jina la yule mama.

Nakubali kwamba enzi zile ndege hazikuwa za babu zetu. Walikuwa wanapanda walowezi, wawindaji, maofisa wa serikali. Watu weusi walikuwa wanafyeka nyasi, wanasukuma ndege, wanabeba mafuta na majina yao hayakuandikwa popote, hilo linaniuma na ningependa siku moja pale getini pawekwe kibao cha kuwakumbuka, hata kama ni maneno mawili. Lakini sikubaliani na wanaosema jina libadilishwe. Viwanja vyetu vikubwa viwili, cha Nairobi na cha Mombasa, vimepewa majina ya wanaume wakubwa wa siasa, hiki kimoja kina jina la mwanamke aliyekianzishia kazi, kiachwe hivohivo.

Kuna mwanamke mwingine pia, Beryl Markham, alikuja Kenya akiwa mtoto wa miaka minne akakulia Njoro, akafundisha farasi wa mashindano, alafu akafundishwa kuruka na huyuhuyu Campbell Black. Septemba 1936 akaruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kwenda magharibi, upepo unakuja usoni, zaidi ya saa ishirini hewani, mafuta yakakata akaanguka kwenye kinamasi Nova Scotia kule Canada na akatoka hai. Klabu yao ya marubani, Aero Club of East Africa, ilianza 1927, na bado ipo hapohapo Wilson. Nimewahi kuingia mara moja nikialikwa na mwanachama, tukala chakula cha mchana, ukutani kuna picha za zamani, nikasimama mbele ya picha zile mpaka chakula kikapoa. Mahali patulivu sana, miti, majani yamekatwa vizuri, alafu kila baada ya dakika chache ndege inapita. Ukipata mtu wa kukualika usikatae.

Ila kama mngeniuliza historia ya Wilson ni nini hasa, mimi ningewaambia ni madaktari. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka, hii ndio AMREF ya leo. Wood alikuwa na shamba upande wa Kilimanjaro na alikuwa anaruka mwenyewe, aliona watu wanakufa kwa sababu hospitali iko mbali, ugonjwa wenyewe ungetibika. (Mke wake Susan ndiye aliyeanzisha Kazuri mwaka 1975, zile shanga za udongo za Karen, mimi nimemnunulia mke wangu pale bila kujua uhusiano huo.) Wakaweka redio kwenye hospitali na misheni za mbali, nesi aliyeko porini anaita Nairobi, ndege inatoka Wilson inaenda kushuka kwenye kiwanja cha nyasi, ng'ombe wamefukuzwa kwanza.

Na kwetu Lamu wazee bado wanamkumbuka Mama Daktari. Jina lake Anne Spoerry, Mfaransa, alijiunga nao 1964, anaendesha ndege yake mwenyewe, anashuka visiwani na vijiji vya huko juu, anachanja watoto, anatoa dawa, anagombeza watu, jioni ameshaondoka. Alikufa 1999. Khalati yangu anasema alichanjwa na yeye na kwamba alikuwa mkali kama pilipili. Ndipo nilipojiuliza, kumbe huyu khalati alishahudumiwa na Wilson akiwa msichana, na akaja kuhudumiwa tena akiwa mzee.

Hao madaktari na wao wamepata msiba. Agosti 2025 ndege yao iliyokuwa inaenda Hargeisa ilianguka Mwihoko, Kiambu, muda mfupi baada ya kutoka Wilson, watu sita wakafariki, wanne ndani ya ndege na wawili chini. Wiki ile mimi nilikuwa nikisikia ndege inapaa usiku nanyamaza. Mungu awarehemu.

Ukikaa pale unasubiri ndege yako angalia nini kinapakiwa, utaijua Kenya yote. Kuna watalii na kofia zao wanaenda Mara na Amboseli. Kuna watu wa mashirika ya misaada wanaenda Sudan Kusini na Somalia, miaka ile ya tisini Lokichoggio, kile kituo cha misaada karibu na mpaka wa Sudan, ilikuwa inalishwa na ndege za njia hii. Kuna wamisionari, kuna polisi wa anga, kuna ndege za KWS, shirika la wanyamapori, zinazofuata majangili na tembo. Na kuna miraa! Miraa hii inakatwa Meru, inafungwa kwenye majani ya mgomba, inashushwa kwa Hilux kwa kasi ambayo ukikutana nayo barabarani unapisha mwenyewe, manake baada ya siku mbili hivi imekauka haina thamani, inapakiwa ndege inaenda Mogadishu kabla haijanyauka. Machi 2020 Somalia iliifungia kwa sababu ya korona na mambo mengine ya siasa, ikafunguliwa tena Julai 2022, na katikati hapo wakulima wa mji wa Maua kule Meru waliumia sana. Mimi miraa situmii na sishauri mtu atumie ila nasema kile mnachokiona ni kapu la majani ni karo ya mtoto wa mtu.

Sasa ile nyota niliyoizuia.

Anga ya Wilson imejaa. Hiki ni moja ya viwanja vyenye pilika za ndege nyingi Afrika Mashariki, na humohumo kwenye zile njia mbili fupi kuna ndege za abiria thelathini na kitu, kuna helikopta, na kuna wanafunzi wanaojifunza, wanaruka wanazunguka wanashuka wanaruka tena, asubuhi mpaka jioni. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria, Dash 8 iliyokuwa inaenda Diani na watu 44, iligongana hewani na Cessna ndogo ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Ile kubwa ikarudi ikatua salama. Ile ndogo ikaanguka, mwanafunzi na mkufunzi wake wakafa wote wawili. Mimi siku ile nilikuwa nyumbani, nilisikia ving'ora, na jioni kijana wa jirani yangu ambaye alikuwa anasomea urubani akaja kukaa kwetu sebuleni hakuongea kitu. Sijui kwa nini mpaka leo wanaoanza kujifunza wasipelekwe kwenye viwanja vya nje ya mji, kule Kajiado pana uwanja wa mafunzo na anga tupu, wakaja Wilson wakishaiva. Najua ni gharama na najua shule zitalalamika. Lakini wale vijana ni watoto wetu.

Lingine ni maghorofa. Zamani ukipaa unaona nyumba za chini na miti, siku hizi upande wa South C na Nairobi West maghorofa yanaota kila mwezi, mengine ukipita nayo unaona hadi nguo zilizoanikwa. Mimi mwenyewe nakaa kwenye moja, la ghorofa nne tu, na mwenye nyumba anataka kuongeza tatu juu. Nimemwambia wazi kwamba siungi mkono. Kiwanja kilikuwepo kabla yetu sote, kimekuwepo toka wakati pale palikuwa nyika na simba, mtu akinunua ploti kando yake anajua amenunua wapi. Na wanaosema kihamishwe kabisa kipelekwe mbali huko, waje kwanza wakae pale saa tisa usiku waone ambulansi inasubiri ndege ya mgonjwa kutoka Wajir, alafu wahesabu dakika za kufika Kenyatta au hospitali nyingine yoyote ya mjini kutoka pale na kutoka huko mbali.

Mambo madogomadogo: safari moja begi langu liliachwa likaja na ndege ya siku ya pili, kampuni siitaji manake waliomba radhi vizuri na wakalileta mpaka Manda jetini, lakini ndani mlikuwa na dawa za mama, kwa hiyo jifunze kwangu, dawa weka mkononi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi Nairobi kuna mawingu mazito ya chini na ndege hizi ndogo zinahitaji rubani aone anapokwenda, mnaweza kukaa saa nzima na zaidi mnasubiri kufunguke. Usipange kikao Lamu saa nne. Chai na sambusa utapata, bei ni ya kiwanja cha ndege, mimi hubeba mkate wangu wa mayai. Kuswali nimeswali pale mara nyingi, uliza wafanyakazi watakuonesha kona, hajawahi kunikatalia mtu. Wafanyakazi wa Wilson kwa jumla ni watu wa heshima sana, wanamshika mzee mkono kwenye ngazi bila kuombwa, na mama yangu huwa anawaletea halua.

Na kama una muda kabla ya ndege yako, Uhuru Gardens ni hapohapo barabara hiyohiyo ya Lang'ata, ndipo bendera ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Carnivore pia iko karibu, kwa wanaopenda nyama, ipo toka 1980, lakini ukishiba vile alafu upande Caravan saa nane mchana wakati hewa inarusharusha usinilaumu.

Kwa anayeenda Lamu mara ya kwanza: omba dirisha la kulia. Mkipaa kuelekea mbuga angalia chini haraka, twiga nimewaona mara mbili, na faru mara moja. Baada ya hapo kama kuko wazi utaiona Kilimanjaro, theluji yake imebaki kidogo tu juu. Alafu ni nyika kavu muda mrefu, unaweza kulala, ila usilale ukapitisha Mto Tana unavojikunjakunja unaingia baharini kwa rangi ya udongo. Ukishaona mikoko funga mkanda. Ndege inashuka Manda, unatembea mpaka jetini, boti inakuvusha, na kama uliondoka Wilson na ndege ya asubuhi unafika nyumbani wali wa mchana haujaepuliwa.